Gari Kuukuu Linalovuja Oili: Litengenezwe au Liachwe?

Katika kata nyingi, gari la familia ni kitega uchumi kabla ya kuwa starehe. Ndilo linalopeleka mazao mnadani, ndilo linalomfikisha mgonjwa kituo cha afya usiku wa manane, na mara nyingi ndilo linalolipa ada ya shule. Kwa hiyo doa jeusi linapoonekana chini ya gari asubuhi, hofu huingia nyumbani. Wapo wanaokimbilia gereji na kutumia akiba yote ya msimu kwa injini ambayo tayari imechoka. Wapo pia wanaoliuza gari kwa bei ya kutupa, kumbe kilichohitajika ni kipande cha mpira na kazi ya nusu siku.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli, lakini mwashi mwenye busara huutazama msingi kabla ya kuchanganya saruji. Ufa ulio katika ukuta imara huzibwa; ufa unaotokana na msingi uliotitia hautibiwi kwa lipu. Somo hili linaeleza namna ya kuutazama msingi wa gari kuukuu kwa maswali matatu: oili inatoka wapi, inapungua kwa kasi gani, na injini yenyewe ina uzima gani. Majibu ya maswali hayo yakipatikana, ndipo fedha ihesabiwe.

Kwa nini injini kuukuu huvuja

Mfano mzuri ni Toyota Noah ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, ambayo imebeba abiria na mizigo katika wilaya nyingi za Tanzania. Hata gari lililo changa kuliko yote katika toleo hilo limekwisha kufikia takribani robo karne. Injini yake ya petroli ya lita 2 huhifadhi oili ipatayo lita 4. Pampu huivuta oili hiyo kutoka kwenye sampu iliyo chini ya injini, huisukuma hadi juu kwenye vali, kisha oili hutiririka na kurudi chini. Katika mzunguko huo hulainisha vyuma visisagane, hupunguza joto, na hubeba masizi na uchafu.

Kila mahali ambapo vipande viwili vya injini hukutana huwekwa gasketi, na kila mhimili unaozunguka na kutokeza nje ya injini huvalishwa sili ya mpira. Mpira huo hupata joto kali na kupoa kila siku. Baada ya miaka mingi hukakamaa, hupasuka au hupoteza unyumbufu wake, na oili hupata njia. Ndiyo kusema kwamba mvujo mara nyingi hutangaza uzee wa mpira, nao mpira hubadilishwa. Uzee wa vyuma ni jambo jingine, tena zito zaidi.

Ipo sababu nyingine inayosahaulika. Injini ina vali ndogo ya kupumulia, ambayo hutoa mvuke na gesi zinazopenya kutoka kwenye silinda kwenda chini. Vali hiyo ikizibwa na uchafu, shinikizo hupanda ndani ya injini na kuisukuma oili nje kupitia sili zilizo dhaifu. Fundi anayebadilisha gasketi bila kuikagua vali hiyo anaweza kuona mvujo ukirudi baada ya muda mfupi.

Hakikisha kwanza kinachovuja

Si kila kimiminika kinachodondoka ni oili ya injini. Njia rahisi ya kutambua ni kutandika boksi safi la karatasi chini ya gari usiku, kisha kulitazama asubuhi. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi na huteleza vidoleni. Oili ya giaboksi ya kujiendesha na ya usukani kwa kawaida huwa nyekundu. Maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa huwa ya kijani, mekundu au ya waridi. Maji safi yasiyo na harufu, gari likitoka kutumia kiyoyozi, si hitilafu.

Kimiminika chembamba chenye rangi ya manjano hafifu kinachoonekana karibu na gurudumu chaweza kuwa mafuta ya breki. Hapo mjadala wa gharama husimama. Gari hilo halipaswi kuendeshwa, hata kwa mwendo mfupi, mpaka breki zitengenezwe.

Swali la kwanza: oili inatoka wapi?

Oili hutiririka chini, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Hivyo mahali inapodondokea mara chache huwa ndipo inapotokea. Fundi makini huiosha injini kwanza, huliendesha gari kwa siku moja au mbili, kisha hutafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo penye chanzo. Kubadilisha gasketi ya sampu kwa sababu tu sampu imelowa ni kosa linalowagharimu wengi, kwa maana oili ya sehemu zote za juu huishia kwenye sampu.

Vyanzo vya kawaida vyaweza kupangwa kwa uzito wa kazi. Vyepesi kabisa ni nati ya kumwagia oili na filta. Washa ya nati ikichakaa, au mpira wa filta ya zamani ukibaki umenata kwenye injini huku filta mpya ikifungwa juu yake, oili itavuja. Tiba yake hufanyika wakati wa kumwaga oili, kwa gharama ndogo sana.

Kinachofuata ni gasketi ya kava la vali, ambalo mafundi huliita tapeti kava. Hili liko juu ya injini na hufikika bila kushusha kitu kikubwa. Hata hivyo mvujo wake usidharauliwe, kwa sababu oili yaweza kudondokea bomba la moshi lenye joto kali na kusababisha harufu ya kuungua, moshi, hata moto. Katika Noah ya toleo lililotajwa, injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo harufu hiyo huwafikia dereva na abiria mapema. Wakiipata, wasiipuuze. Oili ya hapo pia yaweza kujaa kwenye visima vya plagi na kuifanya injini ikose nguvu na kutetemeka.

Kazi ya wastani ni sili za mbele ya injini, zilizo nyuma ya mkanda wa taimingi. Oili ikiufikia mkanda huo huudhoofisha mpira wake, na mkanda ukikatika gari huzimika barabarani. Kwa kuwa kuzifikia sili hizo hulazimu mkanda ufunguliwe, ni busara sili na mkanda vibadilishwe kwa pamoja, ili gharama ya ufundi ilipwe mara moja.

Kazi nzito ni sili ya nyuma ya injini, iliyo kati ya injini na giaboksi. Bei ya sili yenyewe ni ndogo, lakini giaboksi lazima ishushwe ili ifikike. Katika gari la gia za mkono, oili ya hapo yaweza kuilowesha klachi ikaanza kuteleza. Mwenye gari anapaswa kuelewa kwamba hapa analipia zaidi saa za fundi kuliko thamani ya kipuri.

Swali la pili: oili inapungua kwa kasi gani?

Doa huogofya kwa sababu oili kidogo husambaa sana, na kwa upande mwingine tone moja hudanganya kwa udogo wake. Mililita moja ni kama matone 20 hadi 30 ya oili. Gari linalodondosha tone moja kila dakika hutoa matone 1,440 kwa siku, yaani takribani mililita 50 hadi 70. Kwa mwezi ni kama lita moja na nusu hadi mbili. Kwa injini yenye lita 4, hiyo ni karibu nusu ya oili yote.

Kipimo cha kuaminika ni kijiti cha kupimia oili pamoja na daftari. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kadhaa, kijiti kifutwe, kirudishwe, kisha kisomwe. Katika magari mengi madogo, umbali kati ya alama ya chini na alama ya juu ni kama lita moja. Kila oili inapoongezwa, iandikwe kiasi chake na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Vitabu vya mwongozo vya magari mengi, vya Toyota vikiwamo, hutaja lita 1 kwa kila kilomita 1,000 kuwa kikomo cha juu cha matumizi ya oili. Gari lililovuka kikomo hicho linahitaji uchunguzi bila kuchelewa.

Ni muhimu pia kuielewa taa nyekundu ya oili. Taa hiyo haikuwekwa ili kukumbusha kuongeza oili. Hutangaza kwamba shinikizo la oili limeshuka na vyuma vinakaribia kusagana vikavu. Ikiwaka safarini, dereva asimamishe gari mahali salama na kuzima injini mara moja. Kuendelea ili kufika kituo cha mbele kunaweza kuinokisha injini katika dakika chache, na uamuzi uliokuwa wa gasketi ukageuka kuwa wa injini nzima.

Swali la tatu: injini ina uzima gani?

Hili ndilo swali la msingi. Injini nzima inayovuja hustahili kuzibwa. Injini iliyochoka ikizibwa hubaki imechoka. Dalili zifuatazo hutenganisha hali hizo mbili.

Moshi wa bluu kwenye bomba la moshi huonyesha kuwa oili inaungua ndani ya silinda, aghalabu kwa sababu ringi za pistoni au sili za vali zimechakaa. Oili ikipungua sana bila kuacha doa chini, jawabu mara nyingi liko hapo, na hakuna gasketi ya nje itakayoliondoa tatizo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa huashiria maji yameingia, jambo linaloweza kutokana na gasketi ya silinda hedi. Mlio wa kugonga kutoka chini ya injini huashiria kuchakaa kwa beringi. Injini inayopuliza hewa kwa nguvu kifuniko cha kujazia oili kinapofunguliwa huashiria gesi nyingi zinazopenya pistoni, au vali ya kupumulia iliyoziba.

Kipimo kinachoondoa ubishi ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Ni kazi fupi yenye kifaa maalumu, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na matengenezo makubwa. Silinda zote zikitoa vipimo vinavyokaribiana na vilivyo ndani ya kiwango cha mtengenezaji, injini ina umri mbele yake. Moja ikiwa chini sana, isikubaliwe kazi yoyote kubwa ya kuziba mivujo kabla sababu haijajulikana. Pamoja na injini, zikaguliwe pia fremu na bodi kwa kutu, usukani, breki na giaboksi. Injini nzima ndani ya bodi iliyooza ni mali isiyo na pa kukaa.

Hesabu ya fedha

Majibu yakipatikana, hesabu hufuata. Takwimu zilizo hapa ni za mfano tu. Kila mwenye gari aweke bei alizopewa mwenyewe.

Tuseme gari hupoteza lita 2 za oili kwa mwezi, na lita moja ni shilingi 10,000. Hasara ya oili ni shilingi 20,000 kwa mwezi, au 240,000 kwa mwaka. Ikiwa chanzo ni tapeti kava na kazi yote ni shilingi 80,000, fedha hiyo hurudi baada ya miezi minne. Hakuna haja ya kusita.

Tuseme sasa chanzo ni sili ya nyuma, na kazi ni shilingi 450,000. Kwa kuangalia oili peke yake, fedha itarudi baada ya karibu miaka miwili, na mwenye gari atashawishika kuendelea kuongeza oili. Hesabu hiyo haijakamilika. Inapasa kuuliza pia: huduma ya gari hili ingepatikana kwa kiasi gani mahali pengine? Familia inayolazimika kukodi gari mara nne kwa mwezi kwa shilingi 60,000 hutumia shilingi 240,000. Miezi miwili tu bila gari huzidi gharama ya matengenezo. Kama injini ni nzima, kutengeneza kabla klachi haijaharibika ndiyo njia nafuu.

Hali ya tatu ni ya injini inayotoa moshi na yenye mgandamizo mdogo. Tuseme kuifungua na kuifufua ni shilingi 2,500,000, gari lilivyo linauzika kwa shilingi 3,000,000, na likitengenezwa litafikia 5,000,000. Matengenezo yatakula 2,500,000 na kuongeza thamani ya 2,000,000 pekee. Fedha ya matengenezo ikijumlishwa na bei ya kuliuza lilivyo, mwenye gari ana 5,500,000 mkononi. Swali la haki ni hili: je, kwa kiasi hicho lipo gari lililo bora kuliko hili likishatengenezwa? Likiwapo, aachane na hili. Lisipokuwapo, au likiwa lenye historia isiyojulikana, gari alizoea mwenyewe laweza kuwa chaguo la busara.

Katika hesabu zote, fedha iliyokwisha kutumika isihesabiwe. Mtu aliyenunua matairi mapya mwezi uliopita huona uchungu kuliacha gari, lakini shilingi iliyotoka haiwezi kurudishwa kwa kuifuatisha nyingine. Linalopimwa ni la kesho.

Wanaofikiria injini ya mtumba wakumbuke mambo mawili. Kwanza, injini hiyo nayo ina mpira wa zamani. Sili na gasketi zake zibadilishwe ingali iko chini, kabla haijafungwa. Pili, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yapelekwe Mamlaka ya Mapato Tanzania ili kumbukumbu zirekebishwe.

Mambo ya kujihadhari nayo

Oili nzito na dawa za kuzuia mvujo zinaweza kupunguza matone kwa muda, lakini haziponyi sili iliyopasuka. Zitumike kama bandeji ya kumfikisha mtu kwa fundi. Silikoni nyingi kupita kiasi ni hatari, kwa sababu hujikamua ndani, hukatika na kuweza kuziba chujio la pampu ya oili. Makadirio ya bei yapatikane kwa mafundi wasiopungua wawili, yakiwa yameandikwa na kutenganisha vipuri na ufundi. Vipuri vilivyotolewa viombwe virudishwe, na risiti ihifadhiwe. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea barabarani. Anayeamua kuliuza gari linalovuja amweleze mnunuzi ukweli, na umiliki uhamishwe rasmi ili lisije likaleta deni au shauri kwa jina la mwenye zamani.

Tone la mmoja, maji ya wengi

Uamuzi wa kuvumilia mvujo haumhusu mwenye gari peke yake. Oili hulainisha na kuharibu lami mahali magari yanapoegeshwa, huifanya barabara iteleze mvua za kwanza zinaponyesha, na hubebwa na mitaro hadi mtoni na visimani. Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani hueleza kuwa oili chafu ya gari moja, inayomwagwa katika matengenezo ya mara moja, inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, sawa na takribani lita milioni 3.8. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo wakati uamuzi ukisubiriwa, sinia au karai lenye mchanga au maranda liwekwe chini ya gari kila linapolala. Oili chafu ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto na moto, ipelekwe gereji inayoikusanya kwa wanunuzi wenye vibali. Isimwagwe uani kutuliza vumbi wala kutupwa kwenye mtaro au choo.

Zoezi la mwezi mmoja

1. Tandika boksi safi chini ya gari kila Jumamosi usiku na uweke alama ya tarehe kwenye kila doa.
2. Soma kijiti cha oili mara moja kwa wiki, saa ileile na mahali palepale, na uandike kiasi kilichoongezwa pamoja na kilomita.
3. Angalia rangi ya moshi injini inapowashwa ikiwa ya baridi, na tena ukikanyaga mafuta baada ya kushuka mlima.
4. Mwisho wa mwezi, peleka daftari hilo kwa fundi, uombe injini ioshwe, chanzo kionyeshwe kwa macho, na mgandamizo upimwe.
5. Pata makadirio mawili, ulinganishe na gharama ya kukodi usafiri kwa miezi miwili na bei ya gari lilivyo.

Mwezi mmoja wa kuandika haugharimu zaidi ya kalamu na daftari. Hata hivyo zoezi hili ni kwa mvujo mdogo tu. Taa nyekundu ya oili, harufu ya kuungua, oili yenye rangi ya maziwa au mafuta ya breki chini ya gurudumu havisubiri mwisho wa mwezi: gari liegeshwe, fundi aitwe lilipo.